Pazia Bila Msumari

Nyi, nyi, nyi.

Niliisikia gizani, kabla jogoo wa Mama Lazaro hajaanza kelele zake. Kasauti kadogo ka mdomo, kama mwanakondoo aliyepata titi. Nikatabasamu macho yakiwa yamefumbwa. Alikuwa ni Sifa, mwanangu, ananyonya pindo la kanga. Tangu nimwachishe ziwa hana namna nyingine ya kulala, lazima apate ncha ya kitambaa mdomoni. Ana miaka mitatu na bado hataki kuiacha hiyo tabia, na mimi sijawa na moyo wa kumlazimisha.

Nje gari la kwanza la watalii lilipita likiwahi geti la Ngorongoro. Taa zake zikagonga dirisha letu zikaishia palepale, kwenye pazia. Chumba kikabaki giza. Sifa hakushtuka. Nikavuta blanketi nikamshukuru Mungu kwa lile pazia, nikalala tena.

Tulipohamia hapa Karatu, hilo dirisha ndilo lililonitesa kuliko kitu chochote. Chumba kimetazama barabara kuu, kitanda hakina pengine pa kukaa ila chini ya dirisha, na magari ya utalii huanza kupita wakati watu bado wamelala. Taa ziliingia zikazunguka ukuta mzima. Sifa alikuwa anaamka akipiga ukunga, akisema kuna mnyama anatembea ukutani. Nilimkumbatia peke yangu. Baba yake, Gideon, anafanya kazi jikoni kwenye kambi ya mahema huko porini, ng'ambo kabisa ya kreta, na nyumbani anakuja wakati wa mapumziko tu.

Kupigilia msumari ilikuwa marufuku. Mama Lazaro, mwenye nyumba wetu, mzaliwa wa Daa, kijiji cha hapahapa Karatu, alilisema hilo hata kabla hajanionesha choo.

"Ukuta huu ni tofali za udongo, na hiyo plasta nimepaka kwa mkono wangu huu," alisema akiupigapiga kama mtu anayesifia ng'ombe. "Ukigonga msumari, plasta yote inashuka. Kwa hiyo ukitaka kugonga, gonga hapa." Akanionesha paji la uso wake.

"Mama, pazia nitatundika na nini?"

"Wewe si unasoma jioni? Tafuta akili huko."

Nilizitafuta. Gundi ya karatasi ilishika mpaka vumbi la mchana lilipoingia, ikaachia. Nikabana kanga kwenye nondo za dirisha kwa vibanio vya nguo, upepo wa jioni ukaibeba mpaka kwenye banda la kuku. Cherehani sina, na fundi aliniambia kitambaa kizito cha pazia nilete mwenyewe. Nikamwambia Gideon kwenye simu kwamba mtoto halali. Nilimwambia kila aliponipigia, mpaka nikajisikia aibu.

Aliporudi mapumziko alikuja nacho. Alikikunjua mlangoni akicheka kwa furaha, kitambaa kizito kipya, buluu pande mbili na nyeusi katikati. Juu kilikuwa kimeshonwa mfuko mrefu mwembamba wa kupitisha mti, na chini vilevile. Yaani mtu angekaa akafikiria shida yangu asingeshona vizuri zaidi.

"Umekitoa wapi, baba Sifa?"

"Njiani, karibu na kambi. Upepo ulikuwa umekiangusha kwenye majani, vijiti vyake vimevunjika. Kuna kampuni walihama juzi, watakuwa wamekisahau. Nadhani ni mlango wa hema la choo."

"Unataka mwanangu alale chini ya mlango wa choo?"

"Choo cha wazungu, mama. Hakijawahi kuona shida."

Tukacheka. Gideon ni mtu wa Rombo, alikulia migombani, na huko porini ndiyo kwanza ulikuwa msimu wake wa kwanza. Nilikinusa kile kitambaa. Kilikuwa na harufu ya dawa kwa mbali, lakini Karatu hii, wakati wa kupulizia vitunguu, hata mkate una harufu ya dawa. "Mahema yote yananuka hivyo," alisema. Maji yalikuwa yamekatika, na niliogopa buluu ile isije ikachuja, basi nikakikung'uta tu.

Namna ya kukitundika alijifunza kwenye mahema. Alikata mti urefu wa kuzidi kidogo upana wa dirisha, akafunga vipande vya kandambili za tairi kwenye ncha zake, akaupitisha kwenye ule mfuko wa juu, kisha akaukandamiza katikati ya kingo mbili za dirisha mpaka ukakaza wenyewe. Hakuna msumari wala sindano. Mama Lazaro alikuja kukagua, akauvuta kwa mkono, akaning'inia kidogo kwa uzito wake, mti haukusogea.

"Huyu mume usimwache," alisema.

Usiku ule Sifa alilala mpaka kukakucha. Na usiku uliofuata. Kila asubuhi nilikuta nzi wamekufa dirishani, chali, miguu juu. Niliwafagia nikifikiri labda ni baridi. Anneth, ninayesoma naye, alipopita kunisalimia aliwaona akasema nyumba yangu ina upako.

Sasa siku yenyewe, ile iliyoanza na ile sauti ya gizani, ilienda kama siku zote. Saa za jioni nilimwacha Sifa kwa Mama Lazaro, nikachukua daftari nikaenda darasani. Tunasomea kwenye shule ya msingi, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Nataka nimalize niende chuo cha uuguzi. Simwambii kila mtu, lakini ndivyo ninavyotaka.

Mwalimu Joel alikuwa anafundisha wadudu wanaoeneza magonjwa. Alipofika kwenye malale na mbung'o, alitafuta picha kwenye simu yake akampa Anneth aliyekaa mbele.

"Zungusheni. Hii ni mitego yao, utaiona imening'inizwa njiani huko mbugani."

Anneth aliitazama, akanigeukia. "Mama Sifa, mbona wewe una mtego wa mbung'o chumbani?"

Darasa likacheka.

"Ananasa wanaochungulia dirishani," alisema Julius, fundi baiskeli, kutoka nyuma.

"Ananasa Gideon, asirudi porini," mwingine akadakia.

Na mimi nilikuwa nacheka. Nilicheka mpaka simu ikanifikia mkononi. Buluu, nyeusi, buluu. Mfuko juu, mfuko chini, na vijiti vimepita ndani yake. Nilikuza picha kwa vidole. Hata mshono ulikuwa uleule.

"Mwalimu," nilisema, "mbung'o anakufaje? Hapa sioni mtego, naona kitambaa."

"Swali zuri. Buluu inamwita, nyeusi anatua. Kitambaa chenyewe kimelowekwa sumu. Akigusa tu, amekwisha. Na haitoki kwa mvua, inakaa miezi."

Nzi wangu, chali, miguu juu. Hilo lilinijia kwanza. Halafu likanijia la pili, na hilo lilikuja taratibu sana, kama mtu anayepanda ngazi. Kanga ya Sifa niliifua jana yake mchana. Niliianika kwenye kamba ya nje. Niliiona asubuhi nikienda chooni, bado mbichi, ina umande. Kanga haikulala ndani.

Basi gizani alikuwa ananyonya nini?

Sikumbuki nilifanya nini. Anneth anasema nilisimama na lile dawati likasimama na mimi. Ninachokumbuka ni Mwalimu Joel ananishika bega, ananiuliza pazia gani, na Anneth ndiye anayemjibu, sauti yake haina kicheko tena. Mwalimu aliacha chaki hapohapo, akawasha pikipiki yake.

Mama Lazaro alikuwa uani anapeta maharage.

"Mbona mapema? Mtoto alisinzia, nimemlaza kitandani kwenu, mlango umeegeshwa tu."

Nilimpita bila kumwamkia. Sifa alikuwa ameamka, ameketi kitandani, kimya. Pindo la pazia lilikuwa kwenye ngumi yake. Lilikuwa limelowa. Mate yalikuwa yanamtiririka kidevuni mpaka kifuani kama mtoto anayeota meno, midomo imemvimba, macho mekundu.

"Sifa."

Alinitazama.

"Sifa, mwite mama."

Aliutembeza ulimi taratibu, kama haujui mahali pake, akaacha. Huyu ni mtoto anayeongea tangu anafumbua macho. Anaongea na kuku, na viatu. Nilivuta kile kitambaa, ngumi yake haikuachia. Mwalimu Joel aliifungua. Tukamwosha uso, mikono na kinywa kwa maji na sabuni, tukamvua nguo zote. Mama Lazaro alikuja na kikombe cha maziwa, amekibeba kwa mikono miwili.

"Sumu inavunjwa na maziwa. Mpe."

"Hapana, shikamoo mama, tusimpe kitu," Mwalimu alisema, na ile shikamoo ikaja mahali pasipo pake. "Twende hospitali kwanza."

Mama Lazaro alibaki na kikombe. "Sumu ya nini?" aliniuliza. "Sumu imetoka wapi kwenye nyumba yangu?"

Nilimwonesha dirisha. Alitazama pazia, akatazama ule mkono alioning'inia nao siku ile, akaupangusa kwenye gauni.

Hospitalini daktari alikuwa binti mdogo, pengine rika langu. Alimsikiliza Sifa kifua, akammulika macho, akauliza kama ametapika, kama ametetemeka. Nikamweleza habari yote.

"Pazia," alisema.

"Ndiyo."

"Amelinyonya kwa muda gani?"

"Sijui, dokta. Mimi niliisikia alfajiri. Nilidhani ni kanga."

Aliniambia anapumua vizuri, hilo ndilo la kwanza. Alisema dawa za aina ile hufanya kinywa kife ganzi na kuwasha, na mtoto mdogo anaweza kugoma kuongea kwa sababu hauelewi mdomo wake. Lakini alitaka kumwona usiku kucha. Kama atatetemeka, ni jambo jingine. "Akianza kuongea kama kawaida yake, ndipo nitakuwa na amani," alisema. Nililishika hilo neno nikakaa nalo kwenye kiti cha wodini.

Gideon alipatikana alipopanda mlimani kutafuta mtandao. Nilimweleza. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu, nikadhani imekatika.

"Gideon."

"Nipo." Kisha akasema, "Nilikibeba kwenye begi moja na nguo zangu. Nilikikunja nikakilalia kama mto, Blandina. Nilidhani ni mlango wa choo."

"Ulikuwa hujui."

"Viko vingine njiani. Nimevipita kila siku. Hiki kilikuwa chini tu, kimeanguka, sikukijua." Aliendelea kurudia hivyo, kimeanguka, sikukijua, mpaka mtandao ukamchukua.

Asubuhi Sifa hakuwa ametetemeka. Uvimbe ulikuwa umepungua. Alikunywa uji, akameza vizuri, akamshika daktari sikio. Lakini neno, hakuna. Mchana ukapita. Daktari alisema twende nyumbani, tumrudishe haraka tukiona badiliko. "Usimlazimishe," aliniambia. Ni rahisi kusema. Njia nzima nilimwonesha vitu: ng'ombe yule, mbuzi yule, pikipiki ya Mwalimu. Alivitazama vyote, akalaza kichwa begani kwangu.

Pazia halikuwepo. Mwalimu Joel alikuwa amelitia kwenye mfuko wa nailoni, akalipeleka kwa bwana mifugo. Mashuka yangu yalikuwa yamefuliwa yako kambani, godoro limeanikwa juani, na ukingo wa dirisha umesuguliwa mpaka mbao imekuwa nyeupe. Mama Lazaro alikuwa amesimama katikati ya chumba, ana nyundo mkono mmoja, misumari mkono wa pili, na pazia la sebuleni kwake limekaa begani.

"Nionyeshe nigonge wapi," alisema.

"Mama, plasta."

"Nitapaka tena. Mkono si huu?"

Nilitazama lile dirisha. Nilitazama pazia lake la maua, safi, lililofuliwa mara nyingi, ambalo halijamdhuru mtu. Sikuweza.

"Naomba tusitundike kitu, mama. Kwa sasa."

"Na zile taa? Atalia."

"Acha alie."

Alinielewa. Aliweka nyundo chini kando ya mlango pamoja na misumari yake, akatoka na pazia lake begani.

Tulilala dirisha likiwa wazi. Kanga nilimpa Sifa, niliyoifua na kuisuuza mpaka mikono ikachubuka, lakini hakuitia mdomoni. Aliishika tu. Mimi sikulala, nilikuwa nasikiliza pumzi yake.

Jogoo alikuwa bado hajawika gari la kwanza lilipokuja. Nililisikia kwa mbali likipanda mlima, nikamvuta Sifa kifuani, nikajiandaa. Kilio chake nilikuwa nakiogopa tangu tuhamie, na sasa nilikuwa nakiomba. Taa ziliingia. Zikapita kwenye nondo, zikaanza kutembea ukutani, vivuli virefu vya nondo vikitembea nazo, vikapita juu ya mlango, juu ya nyundo ya Mama Lazaro, vikafika kwenye kona. Nilihisi kichwa cha mwanangu kikigeuka kidogo kidogo, kinavifuata.

Giza likarudi. Alikuwa macho. Nikasikia mdomo wake unafunguka.

"Mama, gari limepita."