Sweta Hufumuliwa Shingoni

Usiku wa jana, baada ya kusali na kufukia makaa, niliota sweta la marehemu mume wangu limekaa kwenye kigoda changu cha jikoni, linakunywa chai.

Ndani yake hamkuwa na mtu. Lilishika kikombe kwa ncha ya mkono wa kulia, likapuliza, likanywa. Chai ilipotelea shingoni na sikuiona ikitokea popote.

"Kamwene, Mama Lutengano," likanisalimu kwa lugha ya kwetu.

"Kamwene," nikaitikia. Salamu ni salamu, hata ukiamkiwa na nguo.

"Chai yako ina sukari nyingi. Mwenyewe hakupenda hivi."

"Mwenyewe alipenda sana. Daktari ndiye aliyemkataza."

"Ah," likasema sweta, likaendelea kunywa.

Inafaa nieleze jambo moja, maana asiyelijua ataona nilikuwa nazozana na sufu bure. Katika nyumba hii niliyoolewa, mjukuu wa kwanza hafumiwi kikofia kwa uzi mpya. Hufumuliwa nguo ya babu yake, na uzi huohuo ndio unaofumwa. Mama mkwe alikuwa akisema mtoto anakuja ugenini, basi kichwa chake kipokewe na mtu wa kwao. Sasa Faidesi, mke wa mwanangu Lutengano, mimba imemlemea, siku yoyote anajifungua. Na nguo ya babu iliyobaki ni moja tu, sweta hili la kijivu nililomfumia mimi mwenyewe tulipooana. Nalala nalo kando ya mto. Likifumuliwa, basi, hakuna tena.

Nje baridi kali imekwisha, sakitu, ule umande ulioganda, haianguki tena, mifyulisi imejaa maua mekundu-meupe, na majirani wako bondeni wanapanda. Kila kitu kinaanza. Mimi tu ndiye niliyekuwa sijaanza.

Ndotoni Faidesi akapita mlangoni, tumbo mbele, kama anavyopita kila siku. Ni mtoto mwenye adabu, hasumbui mtu.

"Mama, uzi je?"

"Natafuta ncha, mwanangu."

Sweta lilicheka mpaka chai ikamwagika. "Anatafuta ncha! Mama wa watu aliyewafundisha akina mama wa usharika kufuma, leo anatafuta ncha!"

Nililikamata pindo lake la chini, nikavuta ili linyamaze.

Sasa kila anayefuma anajua. Sweta huanzwa chini na kumalizwa juu, na halifumuki ila kutoka pale lilipomalizwa. Ukilivuta chini unapata mafundo. Najua hivyo kama ninavyojua njia ya kanisani. Lakini siku zote hizo vidole vyangu vilikuwa vinakwenda pindoni, kwa kuwa pindo nililianza nikiwa bibi harusi. Shingo niliiacha kama ilivyo.

Nikavuta, na jiko likaondoka.

Niko kinyunguni, kile kibustani chetu cha bondeni penye unyevu. Ukungu haujapanda. Elikana wangu yuko pale na jembe, kijana, hana sweta, meno yanagongana.

"Wewe bibi harusi," anasema, "kwenu hakufumwi? Mume anaganda hivi, wewe unatazama tu?"

"Nimeshaanza." Namwonyesha sindano zenye kipande kidogo kama ulimi wa ndama.

"Hicho ni cha kuku?"

Nacheka. Mungu anisamehe, nilikuwa nimesahau jinsi masikio yake yalivyochomoza. Navuta tena nizidi kubaki. Uzi unatoa fundo, fundo linaanguka kwenye tuta, na palepale inaota kabichi. Navuta, kabichi. Navuta, kabichi. Tuta limejaa na mkononi sina uzi hata wa kufungia kidole.

Nikaona heri nusu shari. Nikachuma kabichi moja, nikaipima kwa macho kama itatosha kichwa cha mtoto mchanga.

"Usithubutu," kabichi ikasema. "Mimi ni mboga. Nikikaa kichwani mwa mtoto, mbuzi watamfuata mpaka atakapopata kipaimara."

"Ni kwa muda tu."

"Ndivyo mnavyosema wote. Kisha mtu anajikuta sufuriani na karoti."

Elikana alikuwa ameegemea jembe, ananitazama. "Bibi harusi, mbona unalia? Huyo mtoto ni wa nani?"

"Ni mjukuu wako."

"Mjukuu? Mimi?" Akatazama nyuma yake kuona kama nasema na mtu mwingine. "Mimi hata mtoto sina."

Alisema kwa upole, kama unavyomwambia mgeni aliyekosea nyumba. Nikahisi baridi kuliko yeye.

Sweta lilikuwa limening'inia begani mwangu. Likaniinamia sikioni. "Umeona? Huyu hana la kukusaidia. Twende shingoni."

"Siendi."

"Sawa. Basi mtoto atavaa kabichi."

"Mimi nimeshakataa!" kabichi ikapiga kelele kutoka kwenye tuta.

Nikasema sala fupi, ile ya mtu anayevuka mto uliojaa. Nikalifungua sweta, nikaingiza kichwa shingoni kama ninayevaa. Ndani giza, harufu ya moshi na ya sabuni ya kipande. Nilipotokeza kichwa upande wa pili, nilikuwa mbele ya mlango wa wodi.

Mlango ulikuwa na nesi. Nesi alikuwa mfyulisi, mti mzima na mizizi yake, umevaa gauni jeupe lililopigwa pasi. Maua yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye kofia yake, naye anayafagia.

"Umebeba pindo, mama?"

Nikatazama mkononi. Nilikuwa bado nimelishika.

"Liache hapo nje. Watu wanakuja hapa na mwanzo mikononi, wanatuchafulia sakafu."

"Samahani, nesi, lakini sakafu unaichafua wewe. Haya si maua yako?"

"Ni yangu, ndiyo." Akaendelea kufagia. "Nikiyazuia yasidondoke, Krismasi utakula fyulisi za nani? Vua viatu, upite."

Niliacha pindo, nikavua viatu, nikapita.

Elikana yuko kitandani. Si yule wa jembe. Huyu ni wa mwisho, shavu limebonyea, mikono mikubwa imelala juu ya blanketi kama zana zilizorudishwa stoo. Sweta liko mwilini mwake, mimi nimebaki na kanga.

"Afadhali umefika," anasema. "Nimelala hapa mpaka ubavu umekufa ganzi."

"Pole, Baba Lutengano. Nilikuwa..."

"Najua ulikokuwa. Kwa yule kijana wa kinyunguni. Asubuhi kwa kijana, jioni kwa kijana. Mimi mgonjwa hakuna anayeniletea hata uji."

"Lakini yule ni wewe!"

"Mimi? Yule hajui kwamba unakoroma." Akakohoa kidogo, akapumzika. "Hajui kwamba radi ikipiga unaingia uvunguni na biblia. Hakukesha na wewe Lutengano alipougua surua. Yule amekuona wiki moja, Yusta. Mimi ndiye niliyezeeka na wewe. Na mimi ndiye unayenikimbia."

Nilikaa kitandani, upande ule ambao huwa haulii.

"Sikukimbii wewe," nikamwambia. "Naikimbia siku ile."

"Siku ile nayo ni yangu. Ndiyo ya mwisho niliyopewa." Akaniangalia kwa yale macho yake ya kupima mvua. "Nilisema nasikia baridi. Ukaniwekea sweta sawa hapa shingoni, ukaacha mkono wako hapahapa. Basi, nikaenda. Sasa niambie, hiyo ni siku mbaya ya namna gani?"

Nimekwenda makaburini mara nyingi, nimeimba, nimepanda maua, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Elikana akainua kidevu, kama mtoto anayefungwa kifungo. Nikapeleka mkono. Vidole vikatangulia vyenyewe, havikuhitaji kuonyeshwa njia. Ncha ilikuwa palepale nilipoificha nilipomaliza kufuma, chini ya koo, katika kifundo kidogo. Nikakiuma kwa meno. Kikaachia.

"Vuta," akasema. "Hainiumi."

Nikavuta, na uzi ukaja kama maji.

Ulikuja na ukuta wa wodi. Ulikuja na dirisha na chupa ya dripu na kitanda chote, mstari kwa mstari, bila fundo hata moja. Nesi akavua gauni, akalikunja, akaenda kusimama kwenye ukingo wa kinyungu chetu. Tukajikuta tumekaa kwenye tuta, magoti kwa magoti, mimi navuta, yeye anaviringisha. Uzi ukapita mabegani. Ukapita kiwiko nilichokitia kiraka mwaka wa njaa. Kila mstari uliofumuka ulimpunguzia mvi, na mimi nilikuwa najua kila mstari ulikuwa wa lini, na sikuruka hata mmoja.

"Subiri," akasema. "Mpira huu unalegea. Uzi hauviringishwi mtupu, lazima ukae juu ya kitu kilicho hai."

Akatia mkono mfukoni, akatoa kiazi cha mbegu, akakiweka katikati, akaendelea kuviringisha. Hilo sikulijua, nami nimefuma maisha yangu yote. Lakini alilisema kwa uhakika sana nikaona aibu kubisha.

Likabaki pindo, mstari wa mwisho kabisa.

"Haya," likasema sweta kwa sauti nyembamba, "mimi nimekwisha. Msinioshe kwa maji ya moto." Likafumuka.

Elikana akabaki kijana, kifua wazi, vipele vya baridi mikononi. Akanipa mpira wa uzi kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi sadaka.

"Baridi, Yusta."

"Najua. Vumilia. Kuna mtu anauhitaji kuliko wewe."

Safari hii hakuuliza ni nani. "Usikaze sana uzi," akasema. "Vichwa vya kwetu ni vikubwa."

"Mama! Mama, amka!"

Kulikuwa kunapambazuka. Faidesi alikuwa amesimama mlangoni pa chumba changu, ameshika fremu kwa mikono yote miwili. "Mama, uchungu umeanza. Lutengano amekwenda kutafuta gari."

Nikapapasa kando ya mto nijifunike sweta mabegani. Mkono ukakuta mpira wa uzi, wa kijivu, mkubwa, umeviringishwa vizuri.

Sikushtuka. Nilijiambia, Yusta, umefumua usingizini, watu wazima hufanya makubwa kuliko hayo. Nikamketisha Faidesi kitandani, nikamwekea mto mgongoni, nikamsugua kiuno mpaka uchungu ukapita.

"Mama," akasema akihema, "uzi je?"

"Ninao. Mtoto wa kwanza hana haraka. Kikofia kitamkuta mlangoni."

Nikachukua sindano, nikaanza kutunga vitanzi. Uzi ulivyovutika, mpira ukateleza kutoka mapajani, ukaanguka sakafuni: ko. Sufu haigongi sakafu hivyo. Hata Faidesi alisikia.

"Mama, ndani mna nini?"

Nikauokota. Katika mwanya wa nyuzi kilikuwa kimechomoza chipukizi cha kiazi, cheupe, kifupi kama jino la kwanza, na ncha yake ina udongo mbichi wa bondeni.

"Hakuna kitu cha kukusumbua, mwanangu," nikamwambia. "Wewe pumua."

Nikaendelea kufuma, bila kukaza.