Kona Iliyong'aa Kupita Kiasi

Barabara ya mlimani ilikuwa na fundi mmoja kwa miaka kumi na tisa, na jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau. Walimwita Kokoto: mdogo, mgumu, akiingia kiatuni hutembei.

Asubuhi hiyo roho ilikuwa juujuu. Mkaguzi wa mashindano ya baiskeli alikuwa anakuja kuipima barabara. Akiikubali, lami itawekwa upya. Akiikataa, idara ya barabara imeshasema: barabara inafungwa, Kokoto anashushwa bondeni kufagia maegesho ya magari. Kwa hiyo alikuwa ameipamba. Kona ya juu kabisa, kali kuliko zote, aliipaka mistari mipana ya rangi nyeupe, akarudia mara tatu, ikang'aa kama meno ya bandia.

Mkaguzi akashuka garini kileleni. Kokoto akatamani ardhi impasukie. Alikuwa shemeji yake. Yaani, zamani, kabla hajamtelekeza dada yake Kokoto na watoto wawili.

"Bado unafagia mawe, shemeji?"

"Bado unakimbia, shemeji? Safari hii umemkimbia nani?"

Mkaguzi akashusha garini baiskeli yenye matairi membamba kama mkanda wa suruali, akaipanda. "Nikifika chini salama, nasaini. Ila naona hii si barabara, ni mtaro."

"Mtaro ni mdomo wako."

Akaondoka. Ukungu nao ulikuwa umeshapanda, umeilowesha lami, na hapo ndipo Kokoto alipokumbuka kitu ambacho fundi aliyezoea malori hakiwazi: rangi ile ikilowa ni sabuni. Lori halijali. Tairi la mkanda je?

Nusu ya moyo ikasema, mwache akabusu ukuta. Nusu nyingine ikaona maegesho. Akakimbilia ukingoni.

"Punguza mwendo! Kona inateleza! Shika breki!"

Mkaguzi hakugeuka. Kokoto alikuwa akimzomea tangu siku ya harusi. "Zomea tu!" akajibu, akainama, akakanyaga zaidi.

Kokoto alimkuta ameketi mtaroni, goti limechunika, kaptura imepasuka mahali pabaya.

"Nilikwambia upunguze!"

"Wewe? Lini uliwahi kunitakia mema?"

Kokoto akatafuta kichwani. Hakupata hata siku moja.

Mkaguzi akachomoa fomu, akaikata barabara nzima kwa mstari mmoja, kisha akanyoosha mkono ainuliwe.

"Inuka mwenyewe," Kokoto akasema, akachukua ufagio, akaanza kufagia vipande vya taa ya baiskeli. Mazoezi ya maegesho.