Neti ya Mifuko ya Vitunguu

Mzee Théodore hakuwahi kutuambia tutoke. Alianza tu kuegesha gari lake jipya kwenye kona ya shamba letu kila Jumapili, akisema kwa upole kwamba kanisa linakua na waumini siku hizi wana magari. Akufukuzaye hakwambii toka. Mimi nasuka nywele Yeoville, mtaa wa Johannesburg, nasikia maneno matamu tangu asubuhi hadi jioni, na hayo ya kwake niliyajua yanaelekea wapi.

Shamba lenyewe ni kipande cha mteremko nyuma ya kanisa letu, huku mtaa wa Observatory. Baraza la wazee lilituachia sisi akina mama tulime lengalenga, yaani mchicha, matembele na maharage. Wateja wakikimbilia saluni za mjini, mboga hizo ndizo zinazolisha watoto wetu. Mwenye kauli juu ya ardhi hiyo alikuwa Théodore, mkuu wa baraza.

Na sisi wenyewe tulimpa sababu ya kututoa. Mwaka ule wa ukame, 2015, jua lilikausha kila kitu hadi matembele, ambayo hayafi ovyo. Halafu ikaja Juni. Kiongozi wetu ni Concilie, Mrundi wa Ngozi, mama mfupi mwenye kichwa kigumu kuliko jiwe la kusagia. Kwao kiangazi kikifika watu hushuka mabondeni kupanda maharage kwenye unyevu. Akatushusha chini kabisa, karibu na mfereji, nasi tukamfuata, maana hata kwetu Uvira, Kongo, Juni haijawahi kuua mtu. Maharage yakaota vizuri. Asubuhi moja tukakuta umande umeganda juu yake kwa baridi ya huku kusini na majani yote yamekuwa meusi. Concilie alilia waziwazi, akijipiga paja.

Théodore akasimama kanisani mbele ya wote. "Krismasi ikifika na hakuna kitu cha kula pale, tunamwaga zege la kuegesha magari."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mvua za kwanza zilipoanza Oktoba, Concilie alipanda maharage juu, yale ya mchanganyiko wa kwao: mekundu, ya njano na ya madoa kwenye shimo moja. Nilimcheka, akasema mvua ikiyakatisha tamaa haya, yale yatabaki. Maji ya kuogea tuliyabeba kwa ndoo kwenda kumwagilia, maana mji ulikuwa umekataza mipira ya kumwagilia mchana. Kilichobaki kututisha ni mvua ya mawe. Hapa Johannesburg hushuka mchana mweupe na kukata majani kama kisu.

Gaston, fundi cherehani wa mtaani kwetu, ndiye aliyekuwa na wazo. Tukaenda kuokota mifuko ya nyavu ya vitunguu sokoni, yeye akaiunga kwa cherehani huku akinung'unika kwamba sindano zake zinakufa, nasi wasusi tukaifunga kwenye miti kwa mafundo ya rasta. Ikawa neti nyekundu, mbaya kuitazama. Watu wa kanisa waliicheka. Mimi niliipenda kama mtoto wangu.

Novemba, Jumapili, ibada haijaisha, anga likawa la kijani. Tukatoka mbio na mafagio. Mawe yakaanza kudunda kwenye bati, neti ikaanza kulemewa, nasi tukawa chini yake tunaisukuma barafu imwagike pembeni. Nyuma yetu akaja Théodore, koti kichwani.

"Maman Concilie, fungueni hiyo neti. Tufunike gari."

"Hapana, Papa," akajibu Concilie; ndivyo tunavyowaita wazee wetu.

"Uwanja huu ni wa kanisa."

"Ni wa kanisa. Maharage ni ya watoto."

Akanigeukia mimi, kwa kuwa mafundo nilifunga mimi. "Victorine, unanijua. Fungua, ama kesho mnaondoka wote."

Niliogopa. Nilijua anaweza kufanya hivyo. Lakini nilikumbuka yale majani meusi ya Juni, na hasira ikanipanda.

"Papa, fundo langu halifunguki bila mkasi," nikamwambia. "Na mkasi nimeacha saluni. Kesho bado iko mbali. Leo shika fagio."

Hakushika. Alibaki amesimama pale, akisikiliza kioo cha gari lake kikivunjika.

Neti ilichanika upande wa chini na lengalenga ya huko ikabaki vijiti. Maharage ya njano yalipigwa, yakalala. Mekundu na ya madoa yalisimama. Baada ya wiki chache hata ile lengalenga ilichipua tena. Lile gari halikuchipua.

Théodore alituita mbele ya baraza, akasema tumemkosea heshima. Concilie hakubishana. Alisema mzee mwenyewe aliweka neno mbele ya kanisa, na Krismasi haijafika, basi tungoje; baraza likakubali.

Krismasi ikafika. Tulipika sufuria mbili za maharage na lengalenga, kanisa zima likala. Théodore naye alipanga foleni, sahani mkononi. Concilie alimpakulia yeye mwenyewe, akajaza, akamtazama usoni.

"Eish, Maman," akasema, "una kichwa nguvu."

"Sana, Papa. Chumvi imetosha?"

Imetosha, akasema, na akarudi kuongezewa. Zege halikumwagwa. Gari lake siku hizi analiegesha barabarani kama watu wengine, na ile kona tumepanda matembele.