Kapsule za Ng'ambo

Kwa upande wa ndani, mlango wa chumba cha Zabibu haukuonekana mbao tena. Ulikuwa umefunikwa na kapsule, vile vizibo vya bati vya chupa za soda na bia, kila moja imepigiliwa kwa msumari mdogo: nyekundu chini, kisha za machungwa, kisha za manjano, hadi za buluu na nyeupe kule juu. Mlango ukifungwa, kapsule zililia kidogo, kwa sababu baadhi ya misumari ilikuwa imelegea. Zabibu aliupenda mlio ule. Katika lupango nzima, ua na vyumba vyote vya mama mkwe wake, huo ndio mlango pekee aliokuwa na ruhusa ya kuufunga na kuufungua apendavyo.

Alikuwa mke wa Amadi, na Amadi hakuwapo. Aliondoka mtaa wao wa Katuba akisema anakwenda Mitwaba kununua mahindi. Alipiga simu mara mbili akilalamikia barabara, kisha simu ikawa haipatikani tena. Mvua zilikuja na kupita miaka mingi. Wengine walisema ameuawa njiani, wengine wakasema ameingia migodini. Kwa kuwa hakuna aliyejua, Zabibu hakuwa mjane, wala hakuwa ameachwa. Kwao kulikuwa Kasongo, mbali mno, na kaka yake alipopigiwa simu alimjibu, "Ngojea tu, dada. Pale angalau una sahani."

Basi akangojea. Aliuza makala, yaani makaa ya kupikia, langoni, akapika ugali wa bukari na mboga ya sombe, akafua, na kila asubuhi akamwogesha mama mkwe, Mama Mounira, ambaye nyonga zake zilikuwa zimekataa kazi. Sokoni alikwenda kwa ruhusa na kurudi kwa saa. Kwingine hakwenda.

"Bibi ya muntu hazungukezunguke mu barabara," Mama Mounira alisema. "Amadi akirudi, akukute hapa."

Kapsule alizianza akiwa msichana, na Amadi mwenyewe ndiye aliyemnunulia misumari ya kwanza walipooana, akimcheka. Alipotoweka, zilimshika zaidi. Aliziokota, akaziomba kwa wauza soda, akazichemsha kwa majivu na sabuni, maana mama mkwe hakutaka harufu ya bia ivuke kizingiti. Kisha alizinyoosha kwa jiwe, akiweka kitambaa juu ili rangi isibanduke.

Siku za Jumamosi alikuja Symphorien, fundi wa redio wa barabara ya pili, mtu wa asili ya Kasai aliyekuwa na mabati matano ya biskuti yaliyojaa kapsule. Walichuchumaa kila mmoja upande wake wa kizingiti cha lango, wakabadilishana. Za bia za Simba na Tembo hazikuwa na bei, kila mtu alikuwa nazo. Lakini ile ya zamani, yenye gome ndani badala ya plastiki, Symphorien alitaka sita nzuri kwa moja, naye Zabibu alimshusha hadi nne.

"Mama, kuja siku moja kule mjini," Symphorien alimwambia kila mara. "Benye kapsule banakutana ku nyuma ya poste, dimanche, siku ya kanisa. Bantu bazima kabisa, na mabati yabo. Hutaamini."

"Nitakuja," Zabibu alijibu, na wote wawili walijua kwamba haendi.

Mama Mounira aliwatazama kutoka kitini pake na hakukataza. Kwa majirani alisema, "Afazali acheze na kapsule. Mwanamuke mwenye kucheza na kapsule iko ku nyumba."

Zabibu alilisikia neno hilo siku moja akiwa anapepeta mchele. Usiku ule hakugusa nyundo.

Miongoni mwa waliopita langoni alikuwa Bwalya, mwanamke mpana mwenye sauti kubwa aliyeleta samaki waliokaushwa kutoka Kasenga. Alikuwa anavuka mto Luapula kwa boti kununua sukari na mafuta upande wa Zambia, na Zabibu alipojua hilo alimwomba amletee kapsule za ng'ambo, ambazo Symphorien hakuwa nazo. Bwalya alicheka hadi beseni likatikisika kichwani. Lakini akazileta: kwanza chache, kisha mfuko mdogo, na Zabibu alimpa makala badala yake. Kwa mara ya kwanza Symphorien ndiye aliyembembeleza.

Safari moja, mwishoni mwa kiangazi, Bwalya alifika bila kuita. Alitua beseni, akaangalia kiti cha Mama Mounira, akaona hakina mtu.

"Yaya Zabibu, dada yangu," alisema kwa sauti ndogo, "bwana yako alikuwa na kovu fasi gani?"

Zabibu alikuwa akimpimia mteja makala. Vipande kadhaa vilimwanguka chini. "Chini ya sikio. Sababu gani unauliza?"

Bwalya alitikisa kichwa kukubali, akangoja mteja aondoke. "Kule ng'ambo kuko muntu wa duka. Njo yeye ananipatiaka kapsule. Safari hii akaniuliza ni za nani. Nikamwambia, kuko mwanamuke moya ku Katuba, anazipigilia ku mulango, nyekundu chini, bleu juu. Akaacha kupima sukari. Akaniuliza, mulango upande wa ndani ao wa inje? Nikasema ndani. Akasema, jina yake njo Zabibu?"

"Ukamujibu nini?"

"Nikamuuliza, unamujua? Akasema hapana. Kisha akaniomba nisikuambie kintu. Yaya, kama muntu hamujui muntu, sababu gani anakatazaka kusema?"

"Akicheka, anafunika kinywa?"

"Kwa mukono wa kushoto."

Zabibu aliinama akaokota vipande vya makala vilivyoanguka, kimoja kimoja, akavirudisha kwenye gunia. "Iko na bibi?"

Bwalya alisita. "Na batoto. Mukubwa anaenda masomo."

Siku ile Zabibu alipika chumvi nyingi mno, na Mama Mounira akamkaripia. Usiku alilala macho wazi akiutazama mlango wake. Alikuwa amewahi kumlilia Amadi kama maiti, akamwombea kama msafiri, akaota anamfungulia lango akiwa amekonda na vumbi la njia. Mtu yule alikuwa akipima sukari, amenenepa pengine. Kila alipopigilia rangi pale, Amadi alikuwa anaamka mahali fulani kando ya mto na kunywa chai.

Asubuhi alimwogesha mama mkwe kama kawaida, nyuma ya nyumba, kwenye kiti cha mbao. Alimmwagia maji mgongoni, akasema, "Mama, Amadi iko ng'ambo ya Kasenga. Iko na duka."

Mama Mounira hakugeuka. Hakushtuka wala kumtaja Mungu. Alisema, "Maji inapoa."

Hapo Zabibu akajua.

"Mulijua."

"Ananipigiaka simu ku sikukuu." Kizee alishika magoti yake mawili. "Nikikuambia, ungeenda. Binti zangu bako Likasi na Kolwezi, kila moya na nyumba yake. Nani angenishika hivi? Sema. Nani?"

Zabibu alichota maji mengine akaendelea kumwosha, mabega, shingo, nyuma ya masikio. Mikono yake ilikuwa mipole kama siku zote, naye akaichukia kwa upole wake.

Bwalya aliporudi Kasenga alibeba ujumbe mfupi: Zabibu anaomba talaka, hataki kingine. Majuma mawili baadaye akarejea na gunia dogo lililofungwa kwa mpira. Ndani mlikuwa na kapsule tu, mamia kwa mamia, chafu, nyingine za rangi ambazo Zabibu hajawahi kuziona.

"Alisema nini?"

"Alisema, mupe hizi, moyo yake itatulia."

Zamani gunia kama lile lingemkosesha usingizi kwa furaha. Sasa alilifunga tena, akalivuta hadi ng'ambo ya barabara ambako fundi mmoja alikuwa akiezeka mabati. Mafundi huziweka chini ya misumari ili maji ya mvua yasipenye. "Chukua zote," alimwambia. Fundi alimshukuru mara nyingi, akidhani ni sadaka.

Alipogeuka alimwona Mama Mounira amesimama langoni kwa fimbo yake, anahema. Alikuwa amemwona Bwalya, na alikuwa amesikia neno talaka. Kuanzia jioni ile kufuli la lango lilifungwa, na ufunguo ukalala kwenye fundo la kitenge chake. Makala yaliuzwa kupitia pengo la lango. Mikono ya wateja tu ndiyo iliyoonekana. Symphorien alikuja Jumamosi, akaambiwa Zabibu mgonjwa. Alisimama kidogo na bati lake la biskuti, kisha akaondoka. Zabibu alimsikia kutoka chumbani. Angeweza kupiga kelele, lakini alijiuliza, nikipiga kelele niseme nini? Nisaidieni, ninaishi kwangu?

Aliyevunja kimya ni Bwalya. Alipokuta kufuli, hakubishana na mtu. Alikwenda msikitini kumtafuta sheikh Yassine, yeye Mkristo na harufu yake ya samaki, akamweleza yote barazani. Alasiri moja sheikh akaja naye hadi langoni, na mbele ya sheikh Mama Mounira hakuwa na budi kufungua fundo la kitenge.

Waliketi uani. Sheikh alipiga namba aliyopewa na Bwalya, akaiweka simu juu ya kigoda ili wote wasikie. Zabibu aliisikia sauti ya mumewe. Haikuwa imebadilika hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza.

"Amadi," sheikh alisema, "Zabibu njo nani kwako?"

"Njo bibi yangu, sheikh."

"Utarudi?"

"Nitarudi. Ni kazi tu inanikamata."

"Tangu ulienda, chakula yake, nguo yake, ulituma nini?"

Nyuma ya simu mtoto aliomba peremende.

"Nilimutumia kapsule," Amadi alisema. "Gunia muzima. Anazipendaka."

Hakuna aliyecheka. Sheikh alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Kapsule haiko chakula, Amadi. Kuja umuchukue, ao umuache kwa neno moya, sasa hivi."

"Simuachi," Amadi alisema. "Yule ni wangu." Simu ikakatika.

Zabibu alikuwa ameamini kwamba neno litatamkwa siku ile ile. Badala yake sheikh alimpa Amadi muda hadi mwisho wa mwezi uliofuata, afike mwenyewe mbele ya wazee wa msikiti. Ndivyo ilivyopasa, alisema, na alimsikitikia. Kufuli halikurudishwa langoni, lakini kungojea huku kulikuwa kuzito kuliko kule kwa kwanza. Zamani alingoja mtu afike. Sasa aliposikia gari limesimama nje, aliomba asiwe yeye.

Amadi hakuja. Wazee walipokutana, mmoja wao, rafiki wa zamani wa familia, alisema kwamba pengine Amadi alikuwa akituma pesa kwa mama yake, na pesa ya mama ni ya nyumba nzima, mke akiwamo. Ikiwa ni hivyo, ndoa haiwezi kuvunjwa. Wote wakamgeukia Mama Mounira, aliyekuwa ameletwa kwa teksi na kukalishwa kwenye mto. Zabibu alitazama chini. Kwa neno moja tu, ndiyo, kizee yule angeweza kumrudisha jikoni hadi mwisho wa uhai wake.

Mama Mounira alishika fimbo yake kwa mikono miwili. "Hakutuma kintu," alisema. "Nilijua anaishi. Nilinyamaza. Ni makala ya huyu mutoto njo ilinilisha."

Zabibu hakuwahi kujua kwa nini alisema hivyo. Kwenye teksi ya kurudi mama mkwe alikuwa ameegemea bega lake kwa sababu ya mashimo ya barabara, na Zabibu hakulivuta bega.

Ndoa ilivunjwa, ila hakuondoka siku ile wala juma lile. Alikaa hadi mmoja wa mabinti akubali kumchukua mama yake Likasi, na katika muda huo hakuna aliyemzuia chochote. Hata hivyo alijikuta mara kwa mara amesimama mbele ya kiti cha Mama Mounira na kikapu mkononi, akisubiri kuambiwa nenda. Kizee alimtazama kwa mshangao. "Si uende," alisema.

Kapsule za mlangoni aliziacha palepale. Alipojaribu kung'oa ya kwanza, ilipasuka. Akachukua zile tu za akiba, katika kopo la maziwa, akahamia chumba kimoja katika nyumba ya Deborah, dada yake Bwalya, ambako alipewa fasi ya kuuzia makala barabarani.

Asubuhi ya kwanza alizinduka mapema, akajitawadha, akasali, akavaa, akakunja blanketi. Kisha akaketi kitandani. Aliwasikia wapangaji wakichota maji, redio ikisema, watoto wakienda masomo. Jua lilipanda, likaingia kwa dirisha, likafika miguuni pake, naye alikuwa bado ameketi, mikono juu ya mapaja.

Deborah aligonga. "Yaya, uko mugonjwa?"

"Hapana."

"Basi unangojea nini?"

Zabibu aliinuka kitandani. Mlango haukuwa na komeo, kamba tu ya katani. Alinyoosha mkono akaivuta, mlango ukafunguka.