Seva Isiyo Yenyewe

Hospitalini walimwita Mama Majalada, kwa sababu alilinda chumba cha majalada kwa miaka ishirini na mmoja kabla kompyuta hazijachukua nafasi yake. Badala ya kusubiri kustaafu alikwenda masomo ya jioni ya kompyuta, akakaa benchi moja na watoto wa rika la wanawe, na sasa seva ya hospitali, programu inayofungua kurasa zake za mtandaoni, ilikuwa mikononi mwake.

Jumatatu hiyo, saa mbili na nusu asubuhi, seva hiyo ilimshinda.

Hospitali kubwa ya rufaa ilikuwa imetoa agizo: kuanzia siku hiyo, maombi ya kuhamisha wagonjwa yapitie mtandaoni tu, tena kupitia seva yenye moduli mpya ya uthibitisho, kiongezo cha programu kinachoitambulisha hospitali inayoomba. Orodha ya vitanda hufungwa saa nne kamili. Na wodini, ghorofa ya chini, alilala mdogo wake, figo zimegoma, miguu imevimba. Mashine ya kusafisha damu ilikuwa huko hospitali kubwa tu. Daktari hakuzungusha maneno: "Leo, mama. Kesho siiahidi."

Moduli alikuwa ameiweka tangu Ijumaa. Alifuata daftari lake la masomo hatua kwa hatua, kila hatua akaitia alama ya vema. Mwishoni aliandika amri ya kupima, skrini ikajibu kwamba mpangilio ni sawa. Akapiga magoti palepale kwenye sakafu ya saruji, akamshukuru Mungu, kisha akashuka wodini kumwambia wifi yake, mke wa mgonjwa, "Imekubali. Jumatatu anaondoka."

Sasa kila akituma ombi la mdogo wake, ukurasa ulimrudishia mstari uleule mwekundu: seva haijathibitishwa.

Alipima tena. Sawa. Akaizima na kuiwasha upya. Sawa. Akaomba, akatuma. Mstari mwekundu. Alipiga simu hospitali kubwa, akajibiwa na sauti iliyochoka: "Mama, kwa simu hatupokei. Hata angekuwa baba yangu." Simu ikakatwa.

Saa tatu na dakika kumi aliacha kujaribu peke yake. Akampigia mwalimu wake wa jioni.

"Mwalimu, samahani, najua upo kazini. Moduli inasema sawa, lakini haifanyi kazi."

"Faili la makosa linasema nini?"

"Halisemi kitu. Mstari wa mwisho ni wa Ijumaa."

"Na leo umejaribu mara ngapi?"

"Tisa. Labda kumi."

"Mama, mashine ikikukataa lazima inung'unike mahali. Kama imekaa kimya hivyo, basi huongei nayo. Izime kabisa hiyo seva, halafu ufungue ukurasa."

"Nikizima, ukurasa hautafunguka."

"Ndiyo. Zima tuone."

Akazima. Akafungua ukurasa. Ukafunguka vizuri tu, na nembo ya hospitali juu, kana kwamba hakuna lililotokea.

"Umefunguka, mwalimu."

"Basi zipo seva mbili. Nani alikuwa hapo kabla yako?"

Kabla yake alikuwepo fundi mmoja mbishi, aliyestaafu na kuondoka bila kuacha hata nusu karatasi. Huyo hakuamini kitu asichokiunda kwa mkono wake. Mama Majalada alipekua folda moja baada ya nyingine, na katika folda yenye jina la utani la yule mzee akaikuta seva ya pili, ya zamani, inachapa kazi. Hiyo ndiyo iliyohudumia hospitali nzima miaka yote. Ile aliyoihangaikia tangu Ijumaa haikuhudumia mtu yeyote. Darasani kila kompyuta ilikuwa na seva moja, basi hata wazo la kuuliza halikumjia.

"Iweke moduli humo, haraka," mwalimu alisema.

Akaiweka. Safari hii mashine ilinung'unika kweli: moduli imeundwa kwa toleo jingine la seva.

"Iunde upya kwa toleo hilo la zamani. Usikate simu."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika arobaini na nane. Maandishi yakaanza kupanda kwenye skrini, mstari baada ya mstari, na hakuna mkono wa binadamu uwezao kuyasukuma. Midomo yake ilicheza bila sauti. Mwalimu upande wa pili alisikika akipumua.

Kazi iliisha saa nne na dakika mbili. Seva ikawaka. Akatuma ombi, nalo likapokelewa bila wekundu wowote, na jibu likaja papo hapo: orodha ya leo imefungwa, ombi lako ni la kwanza kwa kesho.

"Imekubali?" mwalimu aliuliza.

"Imekubali," akasema, akaweka simu chini.

Wodini wifi yake alikuwa amekwisha kufunga nguo za mgonjwa kwenye mfuko. Alipouona uso wa Mama Majalada, alisimama.

"Ijumaa si ulisema imekubali?"

"Nilisema, wifi. Nilipima seva isiyo yenyewe. Kosa ni langu, si la mwingine."

"Usinieleze mimi mambo ya seva." Sauti ya wifi haikupanda hata kidogo. "Mweleze nduguyo."

Mgonjwa alifumbua macho. Pumzi zake zilikuwa fupi, zenye mkwaruzo. "Dada. Gari limekuja?"

"Halijaja," alisema. "Nimechelewa mimi."

Mgonjwa akafumba macho tena. Mama Majalada akakaa upande wa miguuni, akaishika ile miguu mizito, baridi, na kumwomba Mungu ampe mdogo wake saa ishirini na nne. Alizitaja kwa idadi, ili pasiwe na makosa.