Mshauri wa Lishe Mwenye Mwili

Mkuu wa kliniki alikuwa mwembamba, na kwa huruma zake hakuchoka kuwaeleza wenzake jinsi alivyoupata wembamba huo. Siri ilikuwa nidhamu. Aliieleza nidhamu hiyo huku akipaka siagi kipande cha nne cha mkate, akishushia soda ya pili, kisha akijifuta mdomo na kumtazama mshauri wa lishe kwa masikitiko. Wafanyakazi walimwita Msumari, akiwa hayupo.

Mshauri wa lishe alikuwa mwanamke mwenye mwili. Kwa miaka kumi na mmoja alikaa chumba namba tatu, kati ya mizani na kabati la mafaili, akiwafundisha watu kula. Chakula chake cha mchana kilienea kwenye kibakuli kimoja, na jioni alirudi nyumbani kwa miguu, mwendo wa saa nzima. Mama yake alikuwa na mwili huohuo, na mama zake wadogo pia, na wote waliambiwa na watu waliokula kuwazidi kwamba wapunguze kula. Wagonjwa walimpenda kwa sababu hakuwasimanga.

Basi ikatangazwa kwamba wageni wakubwa watakuja kuona huduma ya uzito. Msumari akamwita mshauri ofisini, akamwambia kwa upole kwamba mwili wake unaiharibia kliniki sura. Alimpa miezi mitatu apungue kilo kumi. Akishindwa, ataenda stoo kupanga maboksi ya glavu, na chumba atapewa binti wa mapokezi, ambaye lishe hakuisomea lakini nguo zilimkaa vizuri.

Alijinyima mpaka kichwa kikawa kinamzunguka mbele ya wagonjwa. Mwezi wa pili ulipokwisha, alikuwa amepungua kilo tatu.

Wakati huohuo kulikuwa na daktari mtafiti aliyekuwa amechukua mate ya wafanyakazi waliokubali, ili achunguze vinasaba vyao. Majibu ya Msumari yalionyesha kwamba amerithi vichache mno vya kunenepesha. Aliyabandika ukutani kama cheti cha bidii.

Mshauri alipokwenda kuchukua yake, daktari alimweleza taratibu. Amerithi vingi, kila kimoja kinasukuma uzito kidogo tu, lakini vikijumlishwa, ubongo wake unachelewa kupata habari kwamba tumbo limeshiba. Si hukumu, alisema, maana mazingira na chakula navyo vina sehemu yake. Ila mwenzake anatembea tambarare, yeye anapanda mlima. Kwa mwili huo, kukaa miaka sita bila kuongezeka, kama faili lake lilivyoonyesha, ni kazi kubwa.

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba anafanya kazi kubwa. Alilia pale pale kwenye kiti, kwa furaha, kisha akanawa uso na kwenda moja kwa moja kwa Msumari na karatasi mkononi. Aliamini kabisa kwamba imemwokoa.

Msumari aliisoma mara mbili. Uso ukamlainika.

"Kumbe si uvivu," alisema. "Pole sana, dada. Nimekuonea miaka yote hii."

"Ahsante, mkuu."

"Sasa kama ni ya kuzaliwa, hutapungua. Hakuna haja ya kusubiri mwezi wa tatu. Jumatatu nenda stoo."

Mshauri akapiga hesabu. Alipokuwa mvivu alipewa miezi mitatu. Alipoonekana hana kosa, hakupewa hata wiki. Hasira zilimpanda, akazimeza, akavuta kiti akaketi.

"Sawa, mkuu. Nipe barua. Andika kwamba nahamishwa kwa sababu ya mwili niliorithi kwa mama yangu. Weka sahihi na muhuri."

"Tuandike tu mahitaji ya kazi."

"Kazi naifanya. Andika ulivyosema."

Msumari akachukua kalamu. Kwa miaka kumi na mmoja aliandika "uvivu" kwenye ripoti za mshauri bila kusita, na hata sasa neno hilo lingeandikika vizuri, ila alikuwa ameshalifuta kwa kinywa chake mwenyewe. Aliandika tarehe. Akatazama dirishani. Akauliza kama joto limezidi.

"Nina wagonjwa wanane kwenye foleni," mshauri alisema, akiinuka. "Ukimaliza kuandika, niletee."

Wageni walikuja, wakamkuta anapima watu, wakapiga picha zao, wakaondoka. Barua ile mpaka leo ina tarehe tu.