Ngozi ya Mbuzi wa Idi

Kazi yangu mimi ni ng'onda. Miaka kumi na tisa napasua samaki hapa Gando, Pemba, natia chumvi, naanika, na hajatokea mtu wa kuniambia samaki wangu kaoza. Basi nilipoamua kuunda banjo kwa mikono yangu, kwa raha zangu tu, sikuona cha kunishinda.

Nilitazama video kwenye simu mpaka bando likaisha. Nikakata kitako cha sufuria kuukuu, nikachonga shingo kwa mti wa mfenesi, nyuzi nikatia mshipi wa kuvulia. Ngozi ilikuwa ya mbuzi wetu wa Idi Kubwa. Niliitia chumvi kama ninavyojua, nikaianika, nikaiwamba.

Shemeji yangu Haidar, mdogo wake mume wangu, ndiye mkubwa wa kikundi cha taarabu. Nilimwomba nipige kwenye harusi ya mwanangu Rahila. Ni mtoto wangu wa pekee, na nilitaka atoke nyumbani kwa sauti niliyoiunda mwenyewe. Haidar akaniita mazoezini. Siku hiyo ikanyesha mvua. Nilipogusa uzi, banjo likalia kama mtu aliyejaza uji mdomoni. Ngozi ilikuwa imelegea tepetepe.

"Yakhe shemeji, hiyo ng'onda hiyo!" Haidar alicheka mpaka akafuta machozi. "Irudishe juani. Siku ya harusi, ikilia nyimbo moja bila kulegea, kiti chako kipo. Ikilegea, wende ukapige vigelegele na wenzio."

Wakacheka wote. Nilirudi nyumbani nimefura, hata chakula sikula.

Wiki nzima nilihangaika nalo. Jua likiwaka, ngozi inakaza. Wingu likipita, inalegea. Asubuhi moja ya mvua nilifunua kibakuli cha chumvi jikoni nikakuta chumvi imelowa maji. Nikasimama pale na kijiko mkononi. Kumbe ni mimi! Ile chumvi niliyoisugua kwenye ngozi ndiyo iliyokuwa ikivuta unyevu wote wa Pemba.

Nikaibandua ngozi, nikairoweka maji matamu siku tatu, kila alasiri namwaga, natia mengine. Kisha nikawa nairamba. Ndiyo, niliiramba, na mume wangu akiniona. Siku ya nne haikuwa na ladha yoyote. Nikaiwamba upya, nikaikausha kivulini penye upepo.

Siku ya harusi mvua ilishuka kama kwa makusudi. Turubai likawa linavuja pembeni, wageni wamejibana katikati. Haidar alinitazama, akatazama mvua, akatabasamu. Nikalipakata banjo, nikaanza.

Banjo likalia! Kavu, kali, safi. Beti ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mvua ile ile. Wanawake wakainuka, vigelegele vikaizidi mvua kwa kelele, Rahila akafunua mtandio anitazame, analia na kucheka. Nilipiga mpaka mwisho, na ngozi haikulegea hata kidogo. Wallahi, sijawahi kufurahi vile.

Haidar akaacha kinanda chake, akaja. Akapitisha kidole kwenye ngozi, akakitia mdomoni mbele ya watu wote.

"Haina chumvi," akasema.

Akaenda akachukua kiti chake mwenyewe, akaniwekea pembeni ya kinanda, naye akapiga nyimbo zilizobaki akiwa amesimama.